Gari inakunywa mafuta? Anza na themostati

Wengi wanaoniletea Vitz, Starlet na Passo za zamani hapa Ngamiani wana kilio kimoja: gari inakunywa mafuta. Plagi wameshabadilisha, nozeli wamesafisha, wengine wamemimina kwenye tangi dawa ya chupa (hela imekwenda hiyo). Mimi naanza na themostati, ile valvu ya maji ya kupozea injini, na mara nyingi nakuta haipo. Kuna fundi aliitoa: "Tanga joto, bosi, hii ya nini?"

Injini ikiwa baridi, kontroboksi (kompyuta ya injini) huongeza petroli, kwa kuwa haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi. Sensa ikisoma kuwa maji yamepata moto, nyongeza hiyo hukatwa. Themostati ndiyo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike, kwa Toyota nyingi, nyuzi 82 hivi. Ikitolewa, ukishika lami ya Muheza upepo unayapoza muda wote, na kontroboksi inadhani ndiyo kwanza umewasha. Joto letu la nyuzi thelathini na kitu halisaidii hapo.

Kupima ni rahisi. Asubuhi washa gari, shika mpira wa juu wa rejeta, mkono uwe mbali na feni na mikanda. Themostati ikiwa nzima, mpira unakaa baridi dakika kadhaa, halafu unapata moto ghafla. Ukipata joto taratibu tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi.

Ukinunua mpya, ijaribu kwanza. Ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, bandika jikoni. Ifunguke kabla maji hayajatokota, ijifunge yakipoa. Wakati wa kuifunga kwenye gari, kile kitundu chenye kipini kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Ila aliyeitoa alikuwa anakimbia jambo: gari ilikuwa inachemsha. Rejeta imeziba kwa kutu na chumvi ya maji ya kisima, au feni haiwaki. Tengeneza hilo kwanza na uweke kulanti (maji maalumu ya rejeta), la sivyo itachemsha tena na lawama zitanirudia mimi.

Mengine yanayohusu ulaji wa mafuta ni mafupi. Upepo wa matairi fuata kibandiko cha mlango wa dereva. Ukitoka safari, rimu moja ikiwa na moto kuliko wenzake, kalipa (kibanio cha breki) imebana. Chujio cha hewa kikichafuka, kwenye injini za nozeli kinapunguza nguvu zaidi kuliko kinavyoongeza ulaji, kwa hiyo usikitegemee kukurudishia lita.