Ding Liren hakuuza gemu, jamani

Mimi nafundisha chesi, watoto mchana na watu wazima jioni, na kila darasa jipya la watu wazima hakosi mmoja wa kusema kocha, ile gemu ya Ding wa China na Gukesh wa India ilipangwa, Ding alikuwa bingwa wa dunia na bingwa hawezi kukosea vile. Wiki hii nimeisikia mara tatu. Nimechoka kwa kweli, basi tuiweke mezani.

Singapore, mechi ya ubingwa wa dunia, 12 Desemba 2024, gemu ya 14 na ya mwisho, pointi 6.5 kwa 6.5. Ding ana nyeupe, kila mtu kabaki na ngome na askofu, Ding ana askari mmoja na Gukesh wawili. Hiyo ni droo ukitulia. Muvu ya 55 Ding akapeleka ngome f2 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), yaani tubadilishane. Sasa mwangalie askofu wake alipokaa: a8, kwenye kona kabisa. Ngome zikalana, Gukesh akaweka askofu wake d5, basi kwisha habari, maana kutoka a8 kuna njia moja tu ya mshazari na popote utakaposimama kwenye njia hiyo askofu mweusi anakula. Nao wakalana, wakabaki wafalme na askari wawili kwa mmoja, muvu ya 58 Ding akasalimu.

Stori ya kuuza ilipata nguvu kwa sababu Andrey Filatov, mkuu wa shirikisho la chesi la Urusi wakati ule, aliisema hadharani na kutaka uchunguzi. Lakini Gukesh mwenyewe alisema hakuiona papo hapo, alishataka kucheza ngome b3 ndipo akagundua yule askofu kanasa. Sasa kama umeuziwa gemu unakaribiaje kuikosa bidhaa yenyewe? Halafu droo ingewapeleka kwenye gemu za haraka, na ni kwenye gemu za haraka hizo hizo Ding alimfunga Mrusi Nepomniachtchi kule Astana 2023 akachukua ubingwa. Alikuwa anaelekea pale anapopaweza!

Grandmasta, yaani mchezaji wa daraja la juu kabisa, hapigi hesabu ya kila muvu iliyopo ubaoni, hakuna binadamu anayeweza, anaona picha alizozizoea na ile isiyo ya kawaida inaweza kumpita hivi hivi. Kramnik, Bonn, Novemba 2006, bingwa wa dunia, anacheza na kompyuta ya Deep Fritz, hana haraka ya saa wala nini, anasogeza malkia e3, anainuka kwenye kiti, na kompyuta inampa chekimeti ya muvu moja, malkia h7. Farasi mweupe alikuwa f8 analinda h7, sehemu ambayo farasi hakai mara nyingi, jicho likapita. Huyo naye aliuza?

Ninachowaambia wanafunzi kila siku ni hiki, kabla hujabadilishana kete gusa kwa macho kila kete itakayobaki na uhesabu ina njia ngapi za kutokea. Ikiwa na moja tu, usibadilishane, acha kabisa. Watu wanadhani kubadilishana ndiyo njia salama ya kupata droo, na pale f2 ndipo ilipompeleka Ding.

Mengine haraka haraka. Eti kompyuta inayopima nani anaongoza ilionyesha 0.00 kwa hiyo Gukesh alibahatisha: sifuri maana yake ni droo wote wawili wakicheza sawasawa kabisa, na Ding ndiye alikuwa analazimishwa kutafuta muvu sahihi kila zamu kwa masaa. Gukesh angeweza kuiacha iishe droo, akagoma, akaendelea kubana.

Eti Ding alikuwa ameisha, hakustahili hata kukaa pale. Gemu ya kwanza alishinda na nyeusi. Ya 11 alipigwa, akarudi ya 12 akashinda. Mkimaliza kuangalia video ya ile muvu ya f2, wekeni gemu ya 12 muiangalie yote.