Ayubu hakuishia sura ya kwanza

Msiba wa Dar es Salaam una mstari wake wa Biblia. Uwe Mbagala, Kimara au Tabata, chini ya turubai utausikia: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Ni Ayubu 1:21, na ni maneno ya kweli. Kinachonisikitisha katika kazi yangu ya ushauri wa kichungaji ni kwamba wafiwa wengi wanazuiwa kuivuka sura hiyo. Ayubu mwenyewe aliivuka. Katika sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, kisha anamlalamikia Mungu sura baada ya sura. Na mwishoni, 42:7, wanaokemewa ni marafiki waliokuja na majibu. Mungu anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mchungaji, siwezi kuomba tena," simwambii aongeze imani. Mara nyingi ana mengi ya kusema, ila anaamini Mungu hataki kuyasikia. Ameshaambiwa ajikaze. Turubai limeshushwa, viti vimerudishwa kwa mwenyewe, ndugu wamepanda mabasi kurudi mikoani, naye kabaki na hasira asiyojua aipeleke wapi. Inawaangukia watoto. Au anaenda nayo kwenye mkesha, anaimba kwa nguvu ili asiisikie.

Huyo namfundisha Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu: miwili ya malalamiko, miwili ya ombi, miwili ya tumaini. Tunakaa sana kwenye ile miwili ya kwanza, ambamo Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Namwomba naye aulize yake, kwa sauti, kwa lugha anayoisema akiwa nyumbani, hata kama ni Kisukuma au Kinyakyusa. Hata lini nitaamka usiku nikimpapasa mume wangu kitandani? Hata lini nitaona aibu kumwambia mwenye nyumba kwamba sina kodi? Wengine sauti haitoki, basi wanaandika kwenye daftari. Maumivu hayaishi siku hiyo. Lakini uchungu uliotajwa mbele za Mungu, kwa jina lake, unapunguza nguvu ya kumkaba mtu, na hasira iliyokuwa ikimtenga na Mungu inakuwa ndiyo sala yenyewe.

Wapo wanaoogopa kwamba hiyo ni kufuru. Yule mama Hana wa Biblia, aliyelilia mtoto, alipoimimina roho yake kule Shilo, kuhani Eli alidhani amelewa, lakini Mungu alimsikia. Na Yesu pale msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22.

Nawasihi waombaji wenzangu: msimharakishe mtu afike mstari wa 5 wa Zaburi ya 13, pale tumaini linapoanza. Zaburi ya 88 haifiki huko kabisa, inaishia gizani, na bado imo katika Biblia yetu. Aliye kwenye Zaburi hiyo anahitaji watu wa kukaa naye. Marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu kwa maneno, walifanya jambo moja jema sana: walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Wanajumuiya, nendeni mwezi wa pili baada ya mazishi, simu za pole zikishakoma. Chemsheni chai, osheni vyombo, kaeni.

Mwili nao una haki yake. Elia alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, Mungu alimwacha alale na kumletea mkate na maji, mara mbili, kabla ya kumuuliza swali lolote. Kwa hiyo asiyelala wala kula kwa wiki kadhaa, naendelea kuomba naye na pia namwambia aende hospitali; Muhimbili, kwa mfano, wapo madaktari wa magonjwa ya akili. Anayesema heri afe hatumwachi peke yake hata usiku mmoja, tunampeleka siku hiyohiyo. Na dawa alizoandikiwa asiziache kwa sababu ameombewa. Aendelee nazo mpaka daktari aseme, na maombi yaendelee vilevile.