Kitendo, kitendo cha ziada na mwitikio katika Dungeons & Dragons: dhana potofu na ukweli

Mabishano mengi ya vitani katika toleo la 5 la mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika yanatokana na kuchanganya kitendo (jambo kuu la zamu yako), kitendo cha ziada (jambo dogo la nyongeza), mwitikio (jibu la haraka kwa tukio, hata katika zamu ya mwingine) na mwendo. Hapa tunafuata kitabu cha kanuni cha 2014. Pale kile cha 2024 kilipobadilisha jambo, tunalitaja.

Dhana: Kila mhusika ana kitendo cha ziada katika kila zamu.

Hana, mpaka uwezo, uchawi au kanuni fulani impe. Anayeshambulia kwa silaha nyepesi ya mkono mmoja, kwa mfano, anaruhusiwa kuongeza pigo la silaha nyepesi ya mkono wa pili. Wala hakuna kubadilishana: huwezi kuacha kitendo chako ili ufanye vitendo viwili vya ziada.

Dhana: Huruhusiwi kutumia nafasi mbili za uchawi (akiba inayopungua kila ufanyapo uchawi usio mdogo) katika zamu moja.

Hii ndiyo inayokosewa zaidi. Kanuni ya 2014 inakubana pale tu unapofanya uchawi kwa kitendo cha ziada. Hapo uchawi mwingine wowote ndani ya zamu hiyo lazima uwe ule mdogo usiotumia nafasi, tena unaofanywa kwa kitendo kimoja. Kwa hiyo Wizard (mchawi) wa ngazi ya 5 aliyeongeza ngazi 2 za Fighter (mpiganaji) anaweza kurusha Fireball (mpira wa moto) mbili kwa msaada wa Action Surge, uwezo wa Fighter unaompa kitendo kimoja zaidi, na ni halali kabisa. Lakini aliyetumia Misty Step (uchawi wa kuhama papo hapo kwa kitendo cha ziada), kisha akapigwa na adui ambaye yeye alikuwa akimpita katika zamu hiyohiyo, hawezi kujikinga kwa Shield (uchawi wa kinga unaofanywa kwa mwitikio). Zamu ya mwingine ikianza, Shield inaruhusiwa.

Kitabu cha 2024 kimerahisisha: nafasi moja tu ya uchawi kwa zamu, na kitendo kinachotolewa na Action Surge hakitumiki tena kwa uchawi.

Dhana: Kujiandaa (Ready) hakugharimu kitu mpaka tukio litokee.

Kunagharimu kitendo sasa na mwitikio baadaye. Taja tukio linaloweza kuonekana au kusikika, kama vile "goblin akifungua mlango," kisha utaje utakachofanya. Ukiandaa uchawi, nafasi inatumika palepale na unalazimika kuushikilia kwa umakini (concentration), ambao hubeba uchawi mmoja tu kwa wakati. Kama ulikuwa umeshikilia Bless, uchawi mwingine wa umakini, Bless inakatika. Ukipigwa ukapoteza umakini, au tukio lisipotokea, uchawi umepotea na nafasi hairudi. Mwenye Extra Attack (uwezo wa kupiga zaidi ya mara moja kwa kitendo cha kushambulia) naye hupiga mara moja tu, kwa kuwa uwezo huo hufanya kazi kwenye zamu yake mwenyewe.

Dhana: Mwitikio hurudi raundi mpya (mzunguko wa zamu za wote) inapoanza.

Hurudi zamu yako inapoanza. Na kwa kuwa Sneak Attack (pigo la hila lenye madhara zaidi) ya Rogue, mhusika wa hila, huhesabiwa kwa zamu, si kwa raundi, anaweza kuitumia tena kwa mwitikio katika zamu ya mwingine, masharti yake yakitimia.

Dhana: Ukisogea karibu na adui, anakupiga.

Anakupiga, kwa mwitikio wake, unapotoka kwenye ufikio wake, kwa kawaida futi 5, na pigo hutangulia kabla hujatoka. Kumzunguka ukiwa ndani ya ufikio huo hakuna adhabu. Kusukumwa au kuhama papo hapo kwa uchawi (teleport) pia hakuhesabiki.

Dhana: Kuchomoa silaha na kunywa dawa ni bure.

Kitu kimoja kwa zamu ni bure, kama kuchomoa upanga. Cha pili kinakula kitendo. Kunywa dawa ya uponyaji ni kitendo kizima. Kwa 2024, ni kitendo cha ziada.