Feni ya hita inayogoma maji yakiwa nyuzi 40

Nilipanda Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kutazama hita katika nyumba ya wageni iliyo juu ya Ziwa Bunyonyi. Kule ni zaidi ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wageni hujikunyata. Mwenye nyumba amefunga pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayokusanya joto la nje na kulitia kwenye maji; yake inatoa maji ya nyuzi 40. Sebuleni kuna hita ya feni: maji yanapita kwenye koili ya shaba iliyovikwa vibati vyembamba vya alumini, feni inapuliza hewa katikati yake.

"Fundi, hii feni imekufa."

"Haijafa, mama. Inangoja."

Nilifungua kifuniko nikamwonyesha kidude cha duara, kidogo kuliko sarafu ya shilingi 500, kimebanwa kwenye bomba kwa klipu. Hiyo ni themostati ya bomba, swichi inayojiwasha na kujizima kwa kufuata joto. Inaizuia feni mpaka maji yapate moto, ili mtu asipulizwe baridi miguuni. Ubavuni imeandikwa 45. Hita yenyewe iliundwa kwa boila za maji ya nyuzi 70, na hapa 45 haifikiwi kamwe. Tena ilibanwa kwenye bomba la kurudi, lile linalotoa maji yakishapoa ndani ya hita. Hata ningeweka ya 38, feni ingewaka, ingenyonya joto, maji ya kurudi yangeshuka, nayo ingejizima, halafu iwake tena, usiku kucha.

Fundi aliyenitangulia alipandisha maji hadi 55. Feni ikawaka, bili ikapanda, mama akayarudisha 40. Hilo linaniuma sana. Kwenye pampu ya joto, kila nyuzi unayoongeza hula umeme zaidi kwa asilimia 2 hivi kwa joto lile lile. Nyuzi 15 ni karibu theluthi.

Niliweka themostati ya 32 kwenye bomba la kuingia, nikaifunga sponji juu isidanganywe na hewa ya chumba. Kisha nikapanga waya upya, maana kosa kubwa lilikuwa hapo: pampu ya kuzungusha maji ilifuata feni. Feni inangoja maji yapate moto, maji yanangoja feni iwake. Sasa themostati ya ukutani, niliyoihamisha mbali na upepo wa hita, inaita pampu kwanza na kufungua vali. Bomba likishapata joto, feni inafuata.

Kuhusu spidi, usiwe na pupa. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 hivi, kwa hiyo hewa ya 30 ikija kwa kasi utaihisi kama upepo wa baridi ingawa inapasha chumba. Spidi ya juu ni ya kuanzia, chumba kikiwa bado hakina watu. Pia maji ya 40 katika chumba cha 20 yana tofauti ya nyuzi 20, wakati ya 70 yana 50, hivyo hita ile ile inatoa kama asilimia 40 tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ndiyo maana nunua kubwa, na uiwashe mapema.

Tuliiwasha saa kumi jioni. Wageni walipoingia kula saa moja, feni ilikuwa spidi ya kwanza, na mama alilazimika kuinama na kuweka kiganja mbele yake ili aamini kwamba inafanya kazi.