Ngozi ya kubebesha si kiungo cha kupandikizwa

Mtoto wa kiume akizaliwa na hipospadia, yaani tundu la mkojo limefungukia upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha, daktari anaweza kuchukua ngozi laini ya ndani ya shavu la mtoto huyo na kumjengea njia ya mkojo. Ngozi hiyo huitwa kipandikizi: imekatwa, imeachana kabisa na mishipa yake ya damu, imewekwa pengine. Maana ni hiyo tu. Lakini habari ikitoka wodini hufika nyumbani ikiwa "mtoto anapandikizwa uume", na bibi anauliza umetoka kwa nani.

Neno lenyewe linachangia. Kwa mkulima, kupandikiza ni kung'oa mche kitaluni na mizizi yake na kuuhamishia shambani, kama mpunga. Kipandikizi cha upasuaji hakina mizizi. Huku Mtwara kwenye korosho tuna neno linalokaa vizuri zaidi: kubebesha. Kikonyo hukatwa kwenye mti mama, kikachomekwa kwenye mche na kufungwa nailoni. Kinakula kwa mche unaokibeba. Aliyebebesha, iwe Naliendele au Newala, anajua kwamba kikonyo kikichezacheza, au maji yakiingia pale kwenye kidonda, kinakauka.

Ngozi ya shavu ni hivyo hivyo. Siku 2 za kwanza haipati damu. Inafyonza majimaji ya kidonda kilicho chini yake. Halafu vimishipa huanza kuungana, na kufika siku ya 5 hivi damu inapita. Ndiyo maana daktari huondoa mafuta yote nyuma ya kipande, hukitoboa vitundu ili damu isijikusanye chini yake, kisha hukikandamiza kwa bandeji iliyoshonewa juu, isiguswe siku 5 hadi 7. Damu ikiganda katikati, au kipande kikiteleza, kinakufa. Kikishika, husubiriwa miezi 6 hivi ndipo kikunjwe kuwa bomba katika upasuaji wa pili. Mzazi akiona tundu bado liko chini baada ya upasuaji wa kwanza, asidhani umeshindikana.

Flapu ni kitu kingine, ingawa hata wahudumu huvichanganya. Hapo ngozi, mara nyingi ya govi, hugeuzwa ikiwa bado imeshikwa na mshipa wake, kama tawi lililoinamishwa bila kukatwa. Hofu yake ni mshipa kujisokota au kuvutwa sana.

Govi hilo hilo hufaa pia kwa kubebesha. Kwa hiyo mtoto mwenye tundu chini asipelekwe jando, wala asitahiriwe zahanati, kabla daktari wa upasuaji hajamwona. Govi likishakatwa, ngozi yenye vinyweleo haiwezi kuziba pengo lake: nywele huota ndani ya njia ya mkojo na mawe hujijenga juu yake.

Kupandikiza kiungo, tuseme figo, ni jambo la tatu. Figo hutoka kwa mtu mwingine, mishipa yake hushonwa papo hapo, na mgonjwa humeza dawa ili mwili usiikatae. Mtoto wetu hahitaji dawa hizo. Bibi akiuliza tena, aambiwe taratibu: amebebeshwa ngozi ya shavu lake mwenyewe.