Mpaka wa Kasumbalesa: yanayosemwa mjini na yaliyo kweli

Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mipaka yake mitatu na Kongo, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na kwa siku hizo chache Lubumbashi haikuwa na mazungumzo mengine. Ndani ya taksi, kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya, kwenye foleni ya benki, kila mtu alikuwa na lake: wageni wamezidi, dawa za kulevya zinaingia kupitia porini, mpaka ufungwe moja kwa moja, jeshi lipangwe kuanzia Kipushi hadi Kasenga. Kubishana si kubaya. Mji unaokula unga uliosagwa ng'ambo una kila haki ya kubishana juu ya mpaka wake. Kinachoniuma ni kwamba mengi yanayosemwa kwa sauti kubwa si kweli, na wanaoulipia uongo huo si wenye malori.

“Dawa za kulevya hupita porini, wabebaji ni wahamiaji”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Watu humfikiria kijana mwenye begi mgongoni akikatiza msituni usiku. Njia za panya zipo, wakaaji wa Kasumbalesa wote wanazijua, na bangi hupita humo. Lakini bangi inalimwa kwetu na inalimwa kwao. Haihitaji kuvuka mpaka ili ifike mtaani kwetu Katuba. Mwaka 2021 Kinshasa ilitikiswa na bombé, mchanganyiko wa vidonge na unga unaosagwa kutoka kichujio cha moshi kwenye ekzosi ya gari. Vijana walikuwa wanalewa kitu kilichoibwa chini ya gari la jirani. Kwa balaa la namna hiyo, askari wa mpakani hana la kufanya.

Dawa nzito zina safari yake. Heroini ya Afuganistani hushuka hadi pwani ya Makran, huko Irani na Pakistani, ikapakiwa kwenye majahazi, ikashushwa pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, kisha ikapanda magari kuelekea Afrika Kusini. Kokeini ya Amerika ya Kusini huja ndani ya makontena, bandarini, chini ya karatasi za mzigo mwingine. Mali ya bei hiyo haikabidhiwi mtu aliyechoka, mwenye njaa, ambaye polisi wa kwanza kumwona atamsimamisha. Mwenye mali anataka barabara ya lami, dereva aliyezoea kazi na karatasi zenye mihuri yote.

Angalia kinachotokea Kasumbalesa kwenyewe. Lori la shaba linaelekea Durban au Dar es Salaam, trela imepigwa lakiri. Dereva ameshalala chini ya trela usiku kadhaa. Jiko la makala liko kando ya gurudumu, na sufuria ya bukari (ugali) juu yake. Nyuma yake foleni inakwenda kilomita baada ya kilomita. Ofisa ana rundo la karatasi mkononi. Kufungua trela moja mpaka ukutani, kushusha kila kitu na kukirudisha, kunakula saa nyingi, na wote walio nyuma wanapiga honi. Basi anapekua anayoweza, mengine anayakubali kwa kuamini karatasi. Tundu liko hapo, kwenye lango lenyewe, mchana kweupe.

Marekani, ambako mabishano haya yamepamba moto kuliko kwetu, hali ni hiyo hiyo. Fentanili, dawa iliyoua watu wengi sana huko, hukamatwa zaidi kwenye vituo rasmi vya kuvukia na vizuizi vya barabarani, ndani ya magari ya kawaida. Na kati ya watu waliohukumiwa na mahakama za shirikisho kwa kuisafirisha, zaidi ya wanane katika kila kumi ni raia wa Marekani. Kuna atakayejibu kwamba inakamatwa langoni kwa sababu wapekuzi wako langoni. Ni hoja ya haki: mzigo uliokamatwa hauwezi kutueleza habari za uliopita. Lakini fikiria kama mfanyabiashara wa dawa. Raia ana pasi halali, anavuka kila wiki, hakuna anayemshuku. Kwa nini umwache huyo uende kumtafuta mtu ambaye sura yake tu inamletea askari?

“Zambia wameruhusu bangi”

Hawakuruhusu kuvuta. Sheria ya 2021 inawapa leseni watu na makampuni kulima kwa ajili ya dawa, utafiti na kuuza nje. Mtu atakayekutwa na kete mfukoni Chililabombwe au Kitwe atakamatwa kama zamani. Naliandika hili kwa sababu vijana wetu wanaamini vingine, na gereza la nchi ya watu ni gereza la mtu asiye na ndugu wa kumletea chakula.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui kabisa. Zambia ni wakali hata kwa dawa za hospitali. Sirapu ya kikohozi yenye kodeini ni hatari kwako, na serikali ya Marekani imewahi kuwaonya raia wake kwamba kuna waliokamatwa huko kwa kubeba Benadryl, dawa ya mzio ambayo kwingine huuzwa bila cheti. Kama unakwenda Ndola au Lusaka na dawa, ibebe kwenye pakiti yake, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina lako. Usikubali kumbebea mtu chupa, hata kama ni mama wa kanisani kwenu.

“Asiye na karatasi ni mhalifu”

Sheria haisemi hivyo. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa ikiwa ametoka moja kwa moja mahali ambapo maisha yake yalikuwa hatarini, na amejitokeza kwa wakubwa bila kuchelewa. Kongo ina sheria yake ya wakimbizi tangu 2002. Na Wakatanga tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa, maana watu wa Pweto, Moba na Manono walipokimbia vita vya 2017 hawakusimama kwanza kupiga foleni ya pasipoti. Walivuka. Mwanzoni mwa 2018 Zambia iliwafungulia makazi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge, wakapewa ardhi ya kulima. Hao ni shangazi na wajomba zetu. Ikiwa hatukubali waitwe wahalifu upande ule, kwa nini tumwite mhalifu Mrundi au Mwafrika ya Kati aliyekimbilia upande huu? Nchi yetu inahifadhi wakimbizi zaidi ya nusu milioni, wakati yenyewe ina mamilioni waliohama makwao kwa vita.

Dhana hii ina pacha wake: kwamba asiye na karatasi lazima aliingia kwa kujificha. Marekani, sehemu kubwa ya wasio na karatasi waliingia kwa ndege, na viza halali, muda ukaisha wakabaki. Hapa mjini pia wako wanaoingia kwa mlango wa mbele, viza inakwisha, wanaendelea na biashara yao. Ukuta haumsaidii mtu kuhesabu tarehe ya viza.

Sisemi kwamba serikali haina haki ya kuuliza unakwenda wapi. Ina haki, na wajibu. Ninachokataa ni kumweka kwenye kapu moja anayesafirishwa na anayemsafirisha. Tarehe 11 Desemba 2022, Ngwerere, kaskazini ya Lusaka, ilikutwa miili ya wanaume 27 imetupwa kando ya barabara; polisi waliamini ni Waethiopia waliokosa hewa njiani. Mmoja alikutwa bado anapumua. Mwaka 2020, mwezi wa tatu, watu 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Waliokuwa wanakwenda Afrika Kusini kutafuta kazi walikuwa wamelipa pesa nyingi kwa watu waliowafungia kama magunia. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya usafirishaji haramu wa wahamiaji inasema wazi kwamba mhamiaji hatashtakiwa kwa kosa la jinai kwa sababu tu alisafirishwa hivyo. Anayetafutwa ni mwenye lori na mtandao wake. Lakini kwenye mitaa yetu nasikia hasira yote ikimwendea yule aliyenusurika.

“Wote wanataka Ulaya”

Wengi wa Waafrika wanaohama hubaki Afrika, na Mkongo anayekimbia jimbo letu la Tanganyika huishia Luapula, huko Zambia. Wapo wanaokwenda mbali, kweli. Mwaka 2019 mamia ya Wakongo na Waangola walifika Texas baada ya kupita Amerika ya Kusini na msitu wa Darién, na wengi wakaendelea hadi Portland, jimbo la Maine. Wakongo wengine kwa maelfu wamepelekwa Marekani kwa mpango rasmi wa wakimbizi, baada ya kusubiri miaka mingi kambini. Picha za mashua zinaonekana zaidi kwenye simu zetu, ndiyo maana tunadhani kila mtu yuko majini.

“Anayetoka ng'ambo ni mgeni”

Mstari huu ulichorwa kwa makubaliano ya 1894 kati ya Waingereza na Leopold wa Pili, ukifuata mgawanyo wa maji ya mto Kongo na Zambezi. Waliouchora hawakumuuliza Mlamba, Mbemba, Mkaonde wala Mlunda. Mwata Kazembe yuko Luapula, na asili ya kiti chake ni huku, kwa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda. Mguu wa Sakania unaingia ndani ya Zambia kiasi kwamba Wazambia wa Mufulira wanaokwenda Mansa kwa njia fupi hupita kilomita zipatazo 70 za ardhi ya Kongo, kutoka Mokambo hadi daraja la Chembe. Na nyumba za Kipushi ziko karibu kugusa mpaka. Kumtazama kila anayevuka kwa mashaka katika nchi ya namna hii ni kutowajua wenyeji wake.

“Wafunge, tutakuwa salama”

Turudi kwenye Agosti 2024. Chanzo chake hakikuwa wahamiaji wala dawa. Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, wasafirishaji wakaandamana Kasumbalesa, Zambia ikasema haiwezi kuhatarisha mali na watu wake, ikafunga. Baada ya mazungumzo wakafungua. Katika siku hizo, nani alikuwa salama zaidi? Malori ya shaba yalisimama. Mama wa soko aliyekuwa amelipia bidhaa Kitwe alikaa na deni.

Mwaka ule ule Zambia ilipigwa na ukame, ukatangazwa kuwa janga la taifa mwezi wa pili, na mahindi yakazuiwa kutoka. Mfuko wa unga wa kilo 25, ule ulioandikwa “breakfast” au “roller”, haukuacha kufika Lubumbashi. Uliendelea kufika, ila kwa baiskeli, usiku, na kila mtu mwenye fimbo njiani alikuwa amekula chake kabla haujafika mtaa wa Ruashi. Ukifunga lango wakati upande mmoja kuna njaa na upande mwingine kuna unga, njia za panya zinageuka barabara kuu, na aliyekuwa akivusha bangi kidogo anapata wateja wapya, vijana waliozoea njia na waliozoea kuhonga. Nadhani hili ndilo viongozi wa pande zote mbili hulisahau kila wanapokasirika.

“Mama wa baiskeli ndiye mkwepaji ushuru”

Kongo na Zambia zote ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na COMESA ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizo kwenye orodha waliyokubaliana nchi mbili, zisizozidi thamani iliyowekwa, hazilipiwi ushuru wa forodha. Haina maana kwamba hulipi chochote, malipo mengine yanabaki. Lakini mama mwenye nyanya, samaki wakavu au sabuni mara nyingi anadaiwa vitu ambavyo sheria imemsamehe, na kwa kuwa hajui, analipa au anazunguka porini. Anayemsukuma porini ni yule anayemdai. Na ofisa anayebishana naye nusu saa juu ya ndoo ya samaki ana trela nyuma yake inayosubiri muhuri.

Amri nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mipakani mwa Kongo: forodha (ambayo leo ni DGDA), OCC (inayokagua ubora wa bidhaa), DGM (ya wahamiaji), na afya ya mipakani. Ukivuka Kasumbalesa utahesabu zaidi ya hizo. Mtu akikudai pesa, muulize anatoka huduma gani kati ya hizo nne, na umwombe kitansi chenye muhuri kabla hujatoa franga. Mkiwa watatu au wanne mnaovuka pamoja, ulizeni pamoja, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika.