Maelezo Yanayothibitisha Wazo Kuu katika Insha za Watoto

Mtoto akiandika "Paka wangu ni mwerevu," kisha akaongeza "Ana akili nyingi" na "Hakuna paka anayemshinda kwa akili," ametunga sentensi tatu zenye habari moja. Kasoro hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi katika insha za watoto wa miaka 8 hadi 11, na kwa maoni yangu haitokani na uvivu wala uhaba wa msamiati. Mtoto anamjua paka wake vilivyo, ila hajatambua kwamba msomaji hamjui, na kwamba kumwita mnyama mwerevu ni kutoa hukumu inayohitaji ushahidi.

Kwa sababu hiyo siridhiki na agizo la "ongeza maelezo" ambalo sisi walimu tumezoea kuliandika pambizoni. Mtoto huelewa kwamba anatakiwa kurefusha, naye hurefusha kwa kurudia yale yale. Ninachopendekeza ni kumwandikia swali ambalo jibu lake ni tukio au kitu kinachoonekana: alifanya nini hata ukajua kuwa ni mwerevu? Mtoto aliyeulizwa hivyo hujibu papo hapo kwamba paka huning'inia kwenye kitasa mpaka mlango ufunguke, na hayo ndiyo maelezo yaliyokuwa yakikosekana.

Maswali haya yaanze kwa mdomo. Kwa mtoto mdogo, kuumba herufi na kukumbuka tahajia bado ni kazi nzito, kiasi kwamba mengi anayoyajua hayafiki kwenye karatasi. Akizungumza kwanza na mwenzake anayeruhusiwa kumuuliza "umejuaje?", huwa na la kuandika kabla mkono haujachoka.

Upande wa pili wa tatizo ni maelezo ya kweli yasiyohusika. Mwaka 1987 Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, waliofanya utafiti wao Kanada, walieleza namna waandishi wachanga wanavyoandika kila wanachokikumbuka kuhusu mada, jambo moja likivuta jingine, mpaka kumbukumbu ziishe. Ndipo paka mwerevu anapopata macho ya kijani na ndugu watatu. Hapa mimi hutumia vipande vya karatasi: wazo kuu huandikwa kwenye kipande kimoja na kila jambo kwenye kipande chake, kisha mtoto husoma kwa sauti wazo kuu pamoja na kila jambo, akiviunganisha kwa maneno "najua hivyo kwa sababu". Akisikia "Paka wangu ni mwerevu, najua hivyo kwa sababu ana macho ya kijani," hucheka mwenyewe, na kicheko hicho humfundisha kuliko masahihisho yangu. Kipande kilichokataliwa hakitupwi, kwani kinaweza kufaa katika aya nyingine inayoeleza sura ya paka, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi ili asidhani kuwa alichokikumbuka hakina thamani.

Wakati mwingine wazo kuu lenyewe ndilo lenye kasoro. "Paka ni mnyama" ni sentensi isiyohitaji kuthibitishwa, na "Wanyama wana faida" ni pana mno kwa aya moja. Kabla ya kulalamikia maelezo hafifu, mwalimu atazame kama sentensi ya kwanza inamruhusu msomaji kuuliza "umejuaje?", ikiwa haimruhusu, mtoto asaidiwe kuibadili hiyo kwanza.